Sampuli na Aliye Hai

Katika miji na vijiji vya Kenya ya kati, na katika mitaa kadhaa ya Nairobi, kuna kazi ya mikono ambayo wengi wetu tunapita karibu nayo bila kuijua. Ni kazi ya kufunga wadudu bandia wa kuvulia samaki. Mfungaji huketi mezani karibu na dirisha. Ndoana ndogo imebanwa kwenye jiliwa, na kwa uzi mwembamba kuliko wa cherehani anaizungushia manyoya ya jogoo, nywele za mnyama na waya wa shaba, mpaka kile chuma kifanane na mdudu wa mtoni. Sisi tunaoifanya kazi hii tunaviita vitu hivyo flai. Zikikamilika zinahesabiwa kwa dazeni, zinapangwa kwenye maboksi na kusafirishwa ng'ambo, hasa Uingereza na Marekani. Mvuvi wa huko anafungua pakiti yake kando ya mto wake, wala hajui ni mikono ya nani iliyokaza fundo la mwisho.

Kazi hii ilikuja ikimfuata samaki. Trauti hakuwamo katika mito yetu tangu mwanzo. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, na samaki wakatiwa katika maji baridi yanayoshuka kutoka milima ya Aberdare. Baadaye akaletwa pia trauti wa aina nyingine, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini. Waliovua enzi za ukoloni walikuwa wageni. Waliofunga flai, muda ulivyokwenda, wakawa wenyeji, na ujuzi ukapita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Ndiyo maana leo unaweza kumkuta mama ambaye hajawahi kumwona trauti wala kumwonja, lakini anafunga dazeni kadhaa za flai kwa siku na kusomesha watoto kwa kazi hiyo.

Kila Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa letu, karibu na Nyeri, ninawafundisha wanaoanza. Ni watu wachache: akina mama wawili watatu, vijana waliomaliza shule na hawajapata kazi, na mzee mmoja aliyestaafu. Kwa muda sasa tumekuwa tukikusanya picha za wadudu wa mtoni kwa ajili ya darasa hilo. Nataka kueleza kwa nini tunazikusanya na tunavyozikusanya, kwa sababu kazi hiyo imenifungulia maneno ya Mtume Paulo ambayo nimeyasikia tangu shule ya Jumapili.

Kwa kawaida mfungaji wa flai hajifunzi kutoka kwa mdudu. Anajifunza kutoka kwa sampuli. Mnunuzi hutuma flai moja au mbili zilizochomekwa kwenye kipande cha kadi, na fundi mkuu anazifunga kama zilivyo. Fundi wa pili anatazama ya fundi mkuu. Wa tatu anatazama ya wa pili, maana kadi yenyewe imewekwa kwenye droo isichafuke. Anayeanza anatazama ya wa tatu. Katika kila hatua kitu kidogo kinapungua au kuongezeka. Mkia uliokuwa na urefu sawa na wa kiwiliwili unafupika kwa upana wa uzi. Tumbo lililokuwa jembamba linanenepa kidogo, kwa sababu anayeanza huogopa kwamba manyoya machache hayatashika. Hakuna aliyekusudia kubadili chochote. Kila mmoja, ukimuuliza, atakuonyesha kazi ya aliyemtangulia, nawe utaona kwamba zinafanana.

Nimewahi kuona boksi la flai lililorudishwa na mnunuzi katika karakana moja. Tulizimwaga mezani. Jambo lililonishangaza ni kwamba zote zilikuwa nadhifu, na zote zilikuwa sawasawa, kana kwamba zimefungwa na mtu mmoja. Kisha fundi mkuu akaifungua droo, akatoa ile kadi ya zamani na kuiweka kando yao. Chumba kizima kilinyamaza. Wafungaji wale hawakuwa wavivu wala hawakuwa na hila. Walikuwa wamekosea kwa umoja, na kwa sababu walikuwa wamoja hakuna aliyeweza kuona. Katika kazi hii malipo huhesabiwa kwa dazeni, na dazeni iliyorudishwa haina malipo. Mle chumbani alikuwamo mtu ambaye karo ya muhula ilikuwa ndani ya lile boksi.

Tangu siku hiyo nimesoma kwa namna nyingine mwanzo wa sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Paulo anawaambia Wakorintho wamfuate yeye. Angeishia hapo, angekuwa amejifanya kadi. Lakini papo hapo anaongeza kwamba yeye mwenyewe anamfuata Kristo. Hawakatazi watu kujifunza kwa mtu. Mfungaji anayeanza hawezi kuanza bila sampuli, na mwamini mchanga hawezi kuanza bila mama aliyemfundisha kukunja mikono na kuomba, bila mzee wa kanisa aliyemwonyesha jinsi mtu anavyosamehe, bila mchungaji. Paulo anajitoa awe sampuli, ila anawaonyesha pia yule ambaye sampuli imefuatishwa kwake, ili watakapotaka kujua kama Paulo amenenepa mahali ambapo Kristo ni mwembamba, wajue pa kutazama.

Kanisa linaweza kukosea kwa umoja. Tunaweza kuimba vizuri, kutoa vizuri, kuvaa sare safi, kuzika watu wetu kwa heshima, na wote tukafanana, na bado kila kizazi kikawa kimefupisha rehema kidogo na kunenepesha majivuno kidogo. Tukiulizwa tutaonyeshana. Dawa yake ni kurudi kwa aliye hai, tukaweka kazi yetu kando yake na kutazama.

Ndipo nikaamua kwamba wanafunzi wangu watamwona mdudu kabla ya kuiona kadi.

Ilikuwa rahisi kusema. Wadudu hawa wengi ni wadogo kama punje ya mchele, na mkubwa wao hutambuliwa kwa kutoonekana kwa urahisi. Wengi huishi chini ya mawe, katika maji yaendayo kasi, na wanapopata mabawa wanakufa upesi. Ukiwaweka kwenye chupa ya spiriti wanabaki na umbo lakini rangi inatoka, na anayeanza atafunga flai iliyopauka kama mdudu aliyepauka. Kuwapeleka wanafunzi wote mtoni kila wiki kunataka nauli. Kwa hiyo picha ndiyo njia tuliyoipata. Simu ya kawaida inatosha, mradi mpigaji awe na subira.

Mto tunaokwenda mara nyingi ni Chania, ule unaopita karibu na mji wa Nyeri, na siku chache tumefika Gura. Tunachukua chungio la jikoni, sahani nyeupe, bakuli la kioo na shilingi moja. Mmoja anainua jiwe na kuligeuza taratibu, mwingine anashika chungio upande ambao maji yanaelekea. Vinavyoangukia chungioni tunaviweka kwenye sahani yenye maji ya mto ule ule, yasipate joto. Sahani nyeupe inamfanya mdudu aonekane. Shilingi inawekwa kando yake ili anayetazama picha ajue ukubwa, kwa sababu katika picha kiroboto na tembo wanaweza kulingana. Tunapiga kivulini, maana jua kali linafuta rangi. Tukimaliza tunawarudisha wadudu majini, na jiwe tunalirudisha lilivyokuwa, upande ule ule juu. Hilo la jiwe ni sheria ya darasa. Jiwe ni nyumba ya mtu, mzee wetu husema, na mgeni hageuzi nyumba ya watu na kuondoka.

Picha zile zimefundisha zaidi ya maneno yangu. Kuna mdudu ambaye kwa kazi yetu ni wa kwanza, anaitwa meflai. Akiwa mtoto, chini ya maji, ana matamvua madogo kama majani kwenye pande mbili za tumbo, na mara nyingi mikia mitatu. Tumbo lake linaanza na upana kidogo karibu na kifua, kisha linachongoka hadi mkiani. Kila anayeanza hulifunga nene pote kama kidole gumba. Nilikuwa nikisema, "Punguza, punguza," nao wanapunguza kidogo ili kuniridhisha. Siku walipomwona kwenye picha, na shilingi kando yake, sikuhitaji kusema. Kijana mmoja alifungua flai yake yote, akaanza upya na nyuzi tatu za unyoya badala ya nane.

Kuna mwingine, stonflai, mwenye mikia miwili na kucha mbili kwenye kila mguu. Na kuna kadisi, ambaye watoto wake wa aina nyingi hujijengea nyumba ya changarawe au vijiti, na kuivaa wakitembea nayo. Anaiunganisha kwa uzi laini utokao kinywani mwake mwenyewe. Tulipoikuza picha hiyo kwenye simu na kuona punje za mchanga zimepangwa moja moja na kufungwa, mama mmoja alicheka, akasema, "Kumbe huyu ni wa karakana yetu."

Ni mama huyo ninayetaka kumzungumzia. Kabla hajaokoka alikuwa akipika pombe haramu. Mwenyewe ameshuhudia hilo mbele ya kanisa, kwa hiyo sitoi siri ya mtu. Alipoiacha kazi ile aliacha na mapato yake yote, na kwa muda aliishi kwa kuwafulia watu nguo. Alikuja darasani kwa sababu alihitaji kazi ambayo angeifanya akimtazama mama yake mgonjwa nyumbani. Wiki ya tatu, wenzake wakiwa wanafunga, yeye aliketi mikono magotini.

"Mwalimu, naomba kuuliza," akasema. "Hii si kudanganya? Samaki anaona chakula, kumbe ni chuma. Mimi kuna kazi niliiacha kwa sababu ilikuwa inaangamiza watu. Sitaki Bwana anikute kwenye nyingine ya hila."

Hakuna aliyecheka. Kwa mtu mwingine swali hilo lingekuwa la kupitisha wakati, lakini huyu alikuwa amekwisha kulipia swali kama hilo mara moja, na tulijua kwamba akipata jibu baya atainuka na kwenda, hata kama nyumbani hakuna unga. Nilimwomba aketi nasi tusome kwanza.

Tulisoma Mathayo 17, pale Petro anapoambiwa aende baharini atupe ndoana, na katika kinywa cha samaki wa kwanza apate fedha ya kodi. Katika Agano Jipya lote, uvuvi mwingine tunaousoma ni wa nyavu. Ndoana imetajwa hapo tu, na aliyeagiza itupwe ni Bwana mwenyewe. Kisha, ili tusichague mistari inayotupendeza, tukasoma Amosi 4 na Habakuki 1, ambako ndoana ni mfano wa ukatili: watu wanakokotwa kama samaki, na katika Habakuki anayewavua anafurahi. Mzee wetu alivua miwani, akasema, "Basi ndoana ni ile ile. Tofauti ni mkono unaoishika, na anayevuliwa ni nani."

Yule mama alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. Aliuliza kama mnunuzi anaweza kuona kilichomo chini ya manyoya.

Nikamwambia ukweli, kwamba hawezi. Flai ikishafungwa, manyoya ya shingo ya jogoo yanafunika mengi. Mfungaji anaweza kuruka mzunguko mmoja wa uzi, au kuacha tone la gundi, au kufunga fundo moja badala ya mawili, na flai ile itakaa vizuri kwenye pakiti na kung'aa. Itafumuka samaki wa kwanza akiiuma, maelfu ya kilomita kutoka hapa, na hakuna atakayejua ni nani.

"Basi wa kudanganywa ni yule," akasema.

Mithali 11 inaanza na mizani ya udanganyifu, na jinsi Bwana anavyoichukia. Sijui kama mama yule aliikumbuka wakati huo. Hakusema kwamba ameridhika kuhusu samaki, nami sikumlazimisha. Alirudi Jumamosi iliyofuata. Tangu hapo, kabla flai haijatoka chumbani, yeye huishika kwa kucha na kuivuta, ya kwake na ya wenzake, na ile inayofumuka anaikata kwa wembe bila kuangalia ni ya nani. Ya kwangu ameikata pia.

Huyo huyo ndiye aliyetuamulia suala la picha. Kwa kuwa flai zetu nyingi huvuliwa katika mito ya mbali, tulihitaji pia kuona wadudu wa huko. Baadhi ni ndugu wa karibu wa wadudu wetu: jamaa ya meflai iitwayo Baetis huishi katika mito ya Kenya na pia katika mito ya Uingereza. Vijana walikuwa wamepata picha nzuri kwenye simu zao, kali kuliko zetu, na walikuwa tayari kuzichapisha na kuzibandika ukutani. Mama akauliza, "Ni za nani?" Wakasema ni za intaneti. Akauliza tena, "Intaneti ni mtu? Kuna mtu aliyelala kwenye maji baridi kama sisi akazipiga." Basi tukaandika barua za kuomba ruhusa. Wengine walitukubalia kwa furaha, na mmoja akaongeza picha ambazo hatukuziomba. Wengine hawakujibu. Za wale wasiojibu hatukuzitumia, na nafasi zao ukutani ziko wazi mpaka leo. Mgeni akiuliza kwa nini pana nafasi, mwanafunzi anamweleza, na hilo nalo ni somo.

Lakini picha iliyonigusa kuliko zote ilipigwa na kijana mmoja asiyesema sana. Sote tulikuwa tukipiga kutoka juu, kwa sababu sisi tuko juu. Yeye aliuliza, "Samaki anamwona mdudu kutoka wapi?" Swali lilikuwa mbele yetu muda wote. Trauti huwa chini, na mdudu anayeelea yuko juu yake, kati yake na mwanga. Kijana alitia maji kwenye bakuli la kioo, akaliweka juu ya viti viwili vilivyoachana kidogo, akamweka meflai mwenye mabawa juu ya maji, kisha akalala chali sakafuni, simu ikitazama juu.

Tulipoiona picha, tulimwona mdudu mwingine kabisa. Rangi tuliyokuwa tukiishindania, kama ni ya majivu au ya zeituni, ilikuwa karibu imepotea, maana mwanga ulitoka nyuma yake. Kilichoonekana ni umbo na ukubwa, na vishimo sita vidogo ambapo miguu ilikanyaga uso wa maji. Kwa muda mrefu tulikuwa tumeipamba sehemu ya juu ya flai, ile inayompendeza mnunuzi akiishika mkononi. Upande anaouona samaki tulikuwa tunauacha kwa bahati.

Nilirudi nyumbani nikiwaza juu ya Wafilipi 2, juu ya Kristo ambaye hakuushikilia utukufu wake bali alishuka na kuchukua hali ya mtumwa. Tunaposoma mahali hapo kwa kawaida tunafikiria gharama aliyoilipa, na ni sawa. Siku hiyo nilifikiria pia alichokiona. Mungu alijua kila kitu tangu milele. Hata hivyo alipenda kuuona ulimwengu kutoka chini, kutoka horini, kutoka sakafuni alikooshea watu miguu, kutoka msalabani. Ndiyo maana mwandishi wa Waebrania anaweza kutuambia tumkaribie kwa ujasiri, kwa kuwa udhaifu wetu si habari aliyosimuliwa.

Nasi tunapenda kupiga picha kutoka juu. Wazazi tunawapiga vijana wetu kutoka juu, tukiona rangi ya nywele na upana wa suruali, na hatuoni vile vishimo vidogo ambapo miguu yao inakanyaga ili wasizame. Wazee wa kanisa tunamtembelea mfiwa tukiwa tumesimama, tunaomba, tunatazama saa. Kijana yule alilala chini kwenye sakafu ya saruji, na shati lake likachafuka, ndipo akaona. Sijapata njia nyingine ya kumjua mtu.

Kuna picha moja zaidi. Meflai anaishi chini ya maji kwa muda mrefu, kwa kawaida miezi mingi. Kisha anapanda juu, ngozi yake inapasuka, anatoka na mabawa. Ajabu ni kwamba baada ya kupata mabawa yanayoruka, anajivua ngozi mara moja zaidi, na hakuna mdudu wa jamii nyingine anayefanya hivyo leo. Mabawa yake ya kwanza yana ukungu, ya pili yanang'aa kama kioo. Baada ya hapo hali chakula tena, kwa kuwa hana kinywa cha kulia. Wengi hutaga mayai na kufa ndani ya siku moja au mbili, na wengine ndani ya saa chache.

Tulimpata mmoja jioni, ameshika jani la mwanzi, amekwisha kujivua mara ya pili. Tulimpiga picha taa ya simu ikiwa imefunikwa kwa leso. Darasani tuliikuza picha mpaka tukaona mishipa ya mabawa, iliyofumwa kama wavu, na mikia yake mirefu kuliko mwili. Yule mama aliishika simu kwa muda mrefu. Mama yake alikuwa amefariki wiki chache kabla, baada ya kuugua kwa miaka. Akasema, kama anayejisemea, "Mungu ameutengeneza hivi mwili wa kuvaliwa usiku mmoja." Kisha akamrudishia kijana simu yake na kuendelea kufunga.

Sikuwa na la kuongeza, na wala sitaongeza mengi hapa. Zaburi 104 inasema viumbe vyote vinamngojea Mungu avipe chakula chao, na pumzi yao ikiondolewa vinarudi mavumbini. Aliyemfuma vile kiumbe wa usiku mmoja hakumwacha mama yule mzee alale kitandani miaka yote ile bila kumtazama. Hilo ninaliamini, na siku hiyo nililiona likimshika mtu.

Ninaandika haya pia kwa sababu nina hofu. Meflai na stonflai hawavumilii maji machafu. Kuna mahali, chini kidogo ya wanakoosha magari, tuligeuza mawe mengi asubuhi moja na hatukupata hata mmoja wao. Tulipata vijidudu vyekundu kama nyuzi, wale wanaoweza kuishi penye hewa kidogo. Kilomita chache juu, katika mto ule ule, kila jiwe lilikuwa na wakazi. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba siku moja huenda tutakuwa na flai za wadudu ambao hawapo tena, tukifuatisha kadi peke yake, bila wa kumrudia kuuliza. Kwa mito, jambo hilo liko mikononi mwetu. Kila mwenye kuosha gari, mwenye shamba kando ya mto na mwenye choo karibu na kijito anaweza kuanza kesho.

Kwa habari ya Bwana wetu, hofu hiyo haipo. Aliye hai hafi tena. Sampuli zetu zinaweza kuchakaa, wazee waliotufundisha wanaweza kulala, kadi inaweza kupotea kwenye droo, naye bado yupo, katika Neno lake, katika mkate na kikombe, na kwa wadogo zake aliosema kwamba tukiwahudumia hao tumemhudumia yeye. Bwana alipotaka kuwaondolea wanafunzi wasiwasi aliwaambia watazame ndege wa angani na maua ya shambani. Aliwaelekeza kwenye vitu vyenyewe, vilivyokuwa mbele yao siku hiyo.

Basi, ndugu msomaji, ukipata mchana mmoja, mchukue mtoto, mchukue na mtu aliyefiwa, mwende kwenye kijito kilicho karibu. Geuzeni jiwe moja taratibu. Tazameni bila haraka, muwe mmechuchumaa. Kisha lirudisheni lilivyokuwa.

Ee Bwana uliye hai, utuhurumie sisi tunaofuatana. Utupe waalimu wema, na utupe kuinua macho yetu kutoka kwao hadi kwako. Pale tulipokosea kwa umoja, tuonyeshe. Ubariki mikono inayofunga, na fundo ambalo hakuna anayeliona ila wewe. Amina.